Mnaotaka kuimba na kuigiza mkiwa bado wadogo, hebu someni miaka kumi ya Sabrina Carpenter

Wadogo zangu mnaoniuliza kila siku mtaanzaje kuimba na kuigiza kwa pamoja, leo naomba tumchambue huyu binti wa Kimarekani, Sabrina Carpenter, maana wengi wenu mmemjua 2024 na ule wimbo wake wa Espresso mkadhani katokea tu hivi hivi. Kwenye Grammy za 2025, zile tuzo kubwa za muziki Marekani, alibeba tuzo mbili, fresh, ila alitajwa pia kwenye kipengele cha msanii mpya bora. Mpya! Mtu alikuwa ameshatoa albamu sita, ya kwanza imetoka 2015, ndo kwanza anakaribishwa mjini. Najua kipengele kina masharti yake lakini mimi nilicheka.

Kazaliwa Pennsylvania 1999, hakukulia Los Angeles. Alikuwa anapiga kava za nyimbo za watu anatupia YouTube, nyumbani baba yake akamtengenezea kastudio, akaingia kwenye shindano la kuimba la Miley Cyrus, mwimbaji na mwigizaji, akawa wa tatu. Hakushinda jamani, na wala hakuna aliyekufa. Nasema hivi kwa sababu nafundisha vijana hapa Dar na kuna watu wakitolewa raundi ya pili tu wananuna na muziki mwaka mzima. Yeye akaendelea kwenda kwenye usaili, 2011 akapata kipande kidogo kwenye tamthilia ya polisi, vikaja vipande vingine, mpaka 2014 ndo akaonekana kwenye chaneli ya TV ya Disney Channel, kwenye komedi ya Girl Meets World, akiwa Maya, rafiki wa mhusika mkuu. Rafiki, sio mhusika mkuu. Wale mnaosusa nafasi za pembeni mmenielewa.

Sasa hapa pa kazi ndo pa kusoma vizuri. Zile komedi kama Girl Meets World, zinazorekodiwa kwa kamera kadhaa kwa mpigo, zina ratiba ya wiki, mwanzoni mwa wiki mnakaa mezani mnausoma muswada wote kwa sauti, waandishi wanasikiliza wapi pamechekesha na wapi pamepoa, wanabadilisha, kesho unakuta mistari uliyokariri usiku haipo tena, mnafanya mazoezi, wanabadilisha tena, mwisho wa wiki mnarekodi, mara nyingi watazamaji wamekaa pale pale studio, ukiwahi kusema kabla kicheko hakijaisha umeua utani. Kafanya hivyo misimu mitatu kuanzia akiwa kabinti ka miaka kumi na nne hivi. Ndo maana mimi sikushangaa kwenye ziara alipokuwa anaimba wimbo wake wa Nonsense na kila mji anaifungia kwa mistari mipya ya utani inayoutaja mji wenyewe, watu wakawa wanasubiri usiku wa leo kasema nini na vipande vinasambaa mitandaoni. Mnasema kipaji, mimi naona mazoezi ya wiki nyingi za muswada kubadilika. Kwa hiyo ukipata igizo, hata la shule, hata la kanisani, usiende kupiga picha na mavazi, nenda ukajifunze kusubiri kicheko.

Wazazi nao wasogee kidogo. Kule California mtoto wa miaka 9 hadi 15 siku ya shule anaruhusiwa kukaa kazini masaa 9 tu, yani 5 ya kazi, 3 ya masomo na mwalimu anayekuwepo hapo hapo studio, na 1 la kupumzika. Halafu 15% ya malipo inaenda kwenye akaunti iliyofungwa mpaka awe mtu mzima. Hiyo sheria inaitwa ya Coogan, ilipitishwa 1939 baada ya Jackie Coogan, aliyekuwa staa wa sinema tangu mtoto, kufikisha umri wa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wameshazila hela zake karibu zote. Mama mzazi, hebu fikiria! Huku kwetu mzazi asingoje alazimishwe, akaunti za watoto benki zipo, mtoto akilipwa kwenye tangazo fungu lake liingie huko kabla halijafika kwenye ada ya kaka yake. Na hayo masaa matatu ya masomo chukulieni serious, mtoto anayerekodiwa mpaka saa sita usiku halafu kesho ana mtihani wa Kiswahili huyo hajengwi, anatumika.

Haya, tuje kwenye muziki, ambako ndo wengi mnapotea. Sabrina alisainiwa Hollywood Records, kampuni ya muziki (lebo) ambayo nayo ni ya Disney, yani TV na lebo baba mmoja. Inarahisisha mambo, wanaokuona kwenye runinga ndo hao hao wanauziwa nyimbo. Lakini angalia hizi namba za chati ya albamu ya Billboard, ile ya Marekani: ya kwanza 2015 ilifika nafasi ya 43, ya pili 2016 ikafika 28, Girl Meets World ikaisha Januari 2017, ya tatu 2018 ikafika 103, ya nne 2019 ikafika 138. Umeona? Umaarufu wa kipindi ulikuwa wa kipindi, taa zilivyozimwa ukapungua. Kilichobaki ni kazi anazozijua mwilini, kuandika, kusimama stejini, kuchekesha. Bado alikuwa anaigiza filamu pia, na Machi 2020 akaingia Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, kwenye igizo la nyimbo la Mean Girls, akacheza mara mbili tu korona ikafunga kumbi zote. Ukitafuta mwaka wa kukata tamaa ulikuwa huo.

2021 akahamia lebo nyingine, Island Records, mwaka uliofuata ikatoka albamu ya tano na hiyo Nonsense ndani yake. Halafu akakubali kumfungulia Taylor Swift, Amerika ya Kusini na Mexico 2023, Australia na Singapore mapema 2024. Kufungulia maana yake watu hawajaja kwa ajili yako, wengine bado wanatafuta siti na wanakula chipsi, na wewe una dakika chache za kuwafanya waulize huyu nani. Aprili 2024 akatoa Espresso, kesho yake yuko stejini Coachella, lile tamasha kubwa la muziki la California. Juni akapata namba moja yake ya kwanza Marekani, kwa wimbo wa Please Please Please.

Kwa hiyo ukiitwa kufungulia shoo ya mtu usiulize kwanza jina lako litakaa wapi kwenye bango. Uliza una dakika ngapi na kama utapata kujaribu sauti, andaa nyimbo zako nne zinazojulikana hata kidogo, chagua moja ambayo utaibadilisha mstari kwa ajili ya watu wa pale, kama ni Tanga wataje wa Tanga, kama ni Mwanza ipeleke ziwani. Na mkataba wowote utakaoletewa nyuma ya jukwaa usiku huo, hata ukiambiwa boss anasafiri kesho, mwambie unaenda nao nyumbani kuusoma.