Usiuze hiyo kadi ya MB 8, mkuu

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo memori kadi ya MB 8 ya PS2 (PlayStation 2) usiiuze. Usimpe mdogo wako, usimwachie fundi "akuangalizie". Umeandika kwamba umepata PS2 Slim ya mtumba imekuja na kadi ya MB 128, kwamba unataka kuhamishia sevu zako zote (yaani hatua za magemu ulizohifadhi) humo, uiuze ile ya zamani upate hela ya pedi ya pili. Halafu ukauliza magemu kumi makali ya PS2 na PSP (ile PlayStation ya mkononi) ya kurudia, PSP 1000 au 3000 ipi bora, na kwa nini picha inakuwa na ukungu kwenye TV bapa. Ya magemu nitafika. Ila hapo kwenye kadi ndipo nilipozikwa mimi, na naona wewe umeshachukua jembe unachimba pembeni yangu.

Kadi yangu ilikuwa ya Sony yenyewe, nyeusi, ina nembo ya MagicGate (ulinzi wa Sony uliomo ndani ya kadi), na ilikuwa imejaa. Kulikuwa na GTA San Andreas, gemu la mpira PES 6 (Option File, yaani faili la majina na jezi, peke yake, Master League, yaani ligi ya kuendesha timu yako, peke yake, na replei za magoli ambazo hakuna mtu aliyewahi kuomba kuziona), God of War II, Shadow of the Colossus, na sevu za gemu la magari la Most Wanted za wadogo zangu. Kila nikitaka kusevu replei nyingine naambiwa nafasi haitoshi. Mtu mwenye akili angefuta replei. Mimi nikapanda daladala hadi Kariakoo.

Jamaa alikuwa na meza kando ya barabara, pedi zilizopasuliwa matumbo zimemzunguka. Nikamwambia kadi imejaa. Akatoa ya MB 128, stika ya rangi ya fedha imebandikwa kombo, na ukiitikisa kuna kitu kinagonga ndani. Nikamuuliza huo mlio ni wa nini. Akajibu bila kuinua macho, "Hiyo ni nafasi, kaka. Ni kubwa mno." Nikacheka. Nikalipa huku nacheka.

Akasema ni orijino, toleo jipya. Sikiliza: Sony hawakuwahi kutoa kadi ya PS2 inayozidi MB 8. Kwa mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kadi yao ilibaki hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "orijino ya Sony, MB 128", hapo umeshaanza kupigwa, bado kukabidhi hela tu.

Akanihamishia sevu palepale mezani. Unawasha PS2 bila diski, unaingia kwenye brauza, unachagua sevu, chini yake kuna Copy na Delete zimekaa jirani kama hazijui zinachofanya. Akakopi moja baada ya nyingine. Kisha akaipima kadi yangu ya MB 8, akasema anaichukua, atanipunguzia bei. Akaifomati mbele yangu ili amuuzie mwingine ikiwa safi. Yaani nilimlipa, nikampa mali, na nikamshukuru. Nilimwita "mtaalamu", naapa.

Mwanzoni ile kadi ilikaa vizuri, na hilo ndilo baya lake, maana nilijaza replei kwa fujo. Baadaye PES ikaanza kuchelewa kusoma Option File. Kisha kwenye brauza sevu mojawapo ikaandikwa Corrupted Data. Nikaichomoa nikaipuliza (sote tunapuliza, usijifanye wewe hupulizi), ikarudi, nikasahau. Jioni moja nawasha San Andreas, gemu linaniambia kadi iliyoko sloti ya kwanza haijafomatiwa, je, nifomati? Yes, No.

Nikampigia mtaalamu wangu. "Bonyeza Yes. Inajisafisha tu hiyo, sevu zitarudi."

Inajisafisha! Nikabonyeza. Na kweli ilisafika, ungeweza kuswalia juu yake.

Nilichokuja kujua baadaye, ambacho yule bwana ama hakukijua ama alikijua akaamua kula chakula chake cha mchana kwa amani, ni hiki: ndani ya kadi kuna jedwali linaloieleza PS2 sevu ipi imekaa wapi. Jedwali hilo likiharibika, PS2 inaiona kadi nzima kama mpya, hata kama sevu zenyewe bado zimo. Hapo ndipo unapobonyeza No. Unazima, unasafisha zile pini za shaba za kadi, unajaribu sloti ya pili, unajaribu PS2 ya jirani. Mara nyingine inasomeka kwa muda wa kutosha kukopi vitu. Ukishabonyeza Yes, jedwali jipya limeandikwa na biashara imekwisha. Niliporudi kwake akasema tatizo ni umeme wa kwetu. Ni kweli umeme ukikatika katikati ya kusevu unaweza kuua sevu, sikatai. Lakini umeme haukunipigia simu kuniambia nibonyeze Yes.

Sasa magemu, kwa kuwa uliuliza, na kwa kuwa nina orodha ya marehemu tayari.

San Andreas ya 2004 ndiyo namba moja kwangu, wala sijadiliani. Kwenye vibanda vyetu kila mtoto alijua kwa moyo msimbo wa kubonyeza R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu: afya, ngao na dola 250,000. Walijua namna ya kuita kifaru, ila misheni ya kumi hawakuwahi kuiona. Mimi nililicheza bila msimbo hata mmoja, nikitafuta asilimia 100. Maandishi ya ukutani 100 Los Santos, picha 50 San Fierro, viatu vya farasi 50 Las Venturas, chaza 50 chini ya maji. Shule ya urubani pale Verdant Meadows ilinifanya nichukie ndege. Ukubwa wa gemu hili unauona ukilicheza polepole hivyo: unatoka mjini, unapita vijijini, unapanda Mount Chiliad kwa baiskeli, unakuta jiji jingine lenye hali yake ya hewa. CJ, yule unayemchezesha, akila sana ananenepa, akienda jimu anajazia. Ukifika 100 unapewa dola milioni, unakuta kifaru na ndege ya Hydra Grove Street, na risasi haziishi tena. Mimi zilikuwa zimebaki chaza chache tu. Kila nikipita Feri na kuona maji nakumbuka. Na ukitumia misimbo, angalau ule wa raia kufanya ghasia usisevu baada yake. Ghasia haziondoki tena kwenye hiyo sevu, utaishi nazo.

PES 6, upande wa Master League. Kila mtu atakusimulia habari za shuti la Adriano, yule mshambuliaji wa Brazil, sawa, hata mimi nimefungwa nalo nikiwa bado naweka wali mdomoni. Utamu wa kweli ni kuanza na wale wachezaji wa kubuni wasiojulikana: Ivarov golini, Castolo mbele, Minanda na Ximelez katikati wanahema. Unaanza daraja la pili, unalipwa kwa pointi badala ya hela, na ukifika mwisho wa msimu huna pointi za kulipa mishahara, gemu limeisha, nenda kwenu. Wachezaji wanazeeka wanastaafu, halafu wanazaliwa upya wakiwa vijana, unamsajili staa mkubwa akiwa na miaka kumi na kitu kwa bei ya maandazi. Chelsea inaitwa London FC, Liverpool inaitwa Merseyside Red, na mimi nilikuwa nimekaa nikabadilisha majina na jezi zote kwa mkono, herufi kwa herufi na pedi. Hiyo ndiyo Option File, na ndiyo iliyotangulia kufa. Magemu ya mpira ya siku hizi yana nyasi nzuri sana. Mpira wenyewe, PES 6.

God of War II nisikuchoshe. Ilitoka 2007 wakati PS3 iko madukani tayari, na bado ilionekana imekamuliwa kutoka mashine nyingine. Ukianza tu unapigana na sanamu la Rhodes lenye ukubwa wa jiji. Niliimaliza nikafungua Titan, ugumu wa juu, nikawa katikati. Sijarudi tena. Sina nguvu hizo na nina mgongo.

Shadow of the Colossus hii inaniuma kwa namna nyingine. Hakuna vijiji, hakuna maadui wadogo, ni wewe, farasi Agro, na majitu 16. Unainua upanga juani, mwanga unajikusanya kukuonyesha njia. Nguvu za kushikilia zinaongezeka kila unapoua jitu, na ukimaliza gemu ukaanza upya kwenye sevu ileile unaendelea nazo. Ukizirundika vya kutosha unaweza kupanda ukuta wa lile hekalu la katikati hadi bustani iliyo juu kabisa, kwa mikono, bila ngazi. Nilikuwa nimebakiza kidogo. Huwezi kumwomba rafiki akukopeshe nguvu hizo, ziko kwenye sevu yako na basi. Fundi naye alikuwa ananiambia, "Si utacheza tena, kaka, gemu si lipo?"

Gemu lipo! Diski ya gemu unaipata popote, hata iliyochomwa. Cha kwako ni sevu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: kila sevu ikae sehemu mbili, na mojawapo ya hizo sehemu iwe kadi halisi ya MB 8. Hiyo ya MB 128 baki nayo ukitaka, weka replei, weka upuuzi. Ukimaliza kucheza, ingia kwenye brauza, kopi sevu za wiki hiyo kwenda kwenye kadi ya pili, chomoa kadi ya pili, iweke mbali na PS2. Ikijaa nunua kadi nyingine ya MB 8, usinunue kubwa. Na kabla ya kununua itikise. Ikilia, mrudishie mwenyewe "nafasi" yake.

Njia iliyo bora zaidi ni fleshi. Tafuta mtu mwenye kadi yenye Free McBoot (programu isiyo ya Sony inayowaka kutoka kwenye kadi), ukiwasha PS2 nayo inafungua programu inaitwa uLaunchELF, unachomeka fleshi iliyofomatiwa FAT32, unaingia mc0 (ndiyo kadi ya sloti ya kwanza), unakopi mafolda kwenda mass (ndiyo fleshi), kisha unayaweka kwenye kompyuta. Utaona majina ya ajabu: folda likianza na BA ni sevu ya diski ya Marekani, BE ya Ulaya, BI ya Japani. Usiyabadilishe. Na ndiyo maana mtu akinunua diski nyingine ya gemu lilelile kutoka nchi nyingine anaambiwa hana sevu, akaanza kulia bure. Sevu ipo, diski ndiyo ngeni. Kadi nyingi za bandia zinakataa kuwekewa Free McBoot kwa kuwa hazina MagicGate, na hicho ni kipimo kizuri kuliko stika.

PSP ni rahisi: unaunganisha na kompyuta kwa waya, unafungua folda la PSP, ndani kuna SAVEDATA, unakopi lote. Memory Stick za bandia nazo zimejaa mjini, kwa hiyo kopi kabla hujaanza hata kucheza. Cheza God of War ya Chains of Olympus, cheza GTA ya Vice City Stories, cheza Patapon hata kama ukiangalia picha zake utaona ni ya watoto, siyo. Betri ikianza kuvimba na kusukuma kifuniko, itoe siku hiyo hiyo. Na wale wenye kaseti za zamani za Game Boy walizoletewa na wajomba kutoka Muscat, Pokémon za mwanzo zilikuwa zinatunza sevu kwa betri ndogo iliyomo ndani ya kaseti. Betri ikifa, sevu nayo.

Kuna kitu kingine uliuliza, cha TV sijui, wengine watakujibu. Kwanza geuza hiyo Slim yako uandike hapa namba ya SCPH (namba ya modeli) iliyo chini yake. Kama ni familia ya 70000 au 77000 Free McBoot inakubali. Kama waya wa umeme unaingia moja kwa moja bila adapta ya nje, hiyo ni 90000, na za mwishomwisho zinaikataa, kwa hiyo hapo anzia na njia ya kadi mbili.