Cheti cha BRELA si leseni ya kukusanya pesa za watu

Shikamoo wakili. Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Kuna kampuni inakusanya pesa kwenye kundi la WhatsApp: unaweka laki moja, unapata faida ya asilimia 10 kila wiki. Wametuonyesha cheti cha BRELA na TIN. Niongeze?

Marahaba mama. Usiongeze, na kama kuna kinachotoleka, kitoe leo. Cheti cha BRELA kinaonyesha kwamba kampuni imesajiliwa, na TIN kwamba TRA inaitambua. Basi. Anayewauzia wananchi hisa, hatifungani (hati za kukopesha kampuni au serikali) au vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja anahitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, chini ya sheria ya 1994. Anayepokea amana, yaani akiba za watu, anahitaji leseni ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni ya CMSA iko kwenye tovuti yake. Mwambie kijana wako akutafutie humo. Usikubali picha ya leseni wanayokutumia wao, maana picha kama hiyo inatengenezwa kwa simu.

Halafu piga hesabu. Asilimia 10 kwa wiki, faida ikiachwa ijirundike, laki moja inapita milioni 14 kwa mwaka. Biashara gani hiyo? Hata mabondo ya sangara hayalipi hivyo. Wa mwanzo wanalipwa kwa pesa za waliofuata, ndiyo maana mnahimizwa kuleta watu. Wa umri wangu tunakumbuka DECI, waliokusanya pesa za watu kwa mtindo huu huu wakiuita "kupanda mbegu". Mwaka 2009 serikali ilisimamisha, viongozi wakafikishwa mahakamani. Kuendesha upatu wa namna hiyo ni jinai, lakini kumfunga mtu hakukurudishii mtaji. Na shoga zako uliowaingiza hawatamtafuta wa WhatsApp. Watakuja kwenye kizimba chako cha dagaa.

Ni mhasibu kwenye kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa Dar es Salaam. Nimeona gawio (faida wanayogawiwa wanahisa) litapanda, bado halijatangazwa. Shemeji akinunua hisa kwa jina lake kuna shida? (Igoma)

Ipo, na mtaibeba wote wawili. Sheria inamkataza mwenye taarifa za ndani kununua, kuuza, au kumdokeza mwingine afanye hivyo. Jina la shemeji halikufichi: ununuzi unabaki kwenye kumbukumbu, akaunti, siku na idadi. Tena soko letu ni dogo. Hisa za kampuni fulani zinaweza kupitisha siku nzima bila kuuzwa. Oda nono kabla tu ya tangazo inaonekana kama karabai ziwani usiku wa giza.

Subirini tangazo litoke. Hata hapo, soma kwanza kanuni za kazini kwenu, kwa kuwa kampuni nyingi huwazuia wafanyakazi wa idara kama yako kununua wakati hesabu zinaandaliwa.

Lazima nisafiri hadi Dar kununua hisa? (Nyegezi)

Hapana, mdogo wangu. Tumia Hisa Kiganjani, huduma ya simu ya Soko la Hisa Dar es Salaam (DSE), au dalali wa hisa mwenye leseni. Ila usichanganye hisa na akiba ya benki. Bodi ya Bima ya Amana hukulipa, kwa kiwango chenye ukomo, benki ikifilisika. Hisa ikishuka bei hakuna wa kukufidia. Za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma shilingi 850 mwaka 2017, kisha zikakaa miaka chini ya bei hiyo. Kampuni ikiuza hisa mpya, fungua waraka wa matarajio, yaani kitabu kinachoeleza kampuni na hisa zinazouzwa, uanze na sehemu ya hatari. Kurasa za picha zinaweza kungoja.

Baba alifariki akiacha stakabadhi ya hisa za benki. Tufanyeje? (Mwalimu, Ukerewe)

Pole sana mwalimu. Kuwa na karatasi mkononi hakukufanyi mwanahisa. Familia ikae kikao, ipendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imteue. Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Barua ya usimamizi, cheti cha kifo na stakabadhi zipelekwe kwa dalali, naye atawasiliana na CSDR, kampuni tanzu ya DSE inayotunza daftari la wanahisa. Kinachokwamisha wengi ni jina: marehemu aliandikwa moja kwenye stakabadhi, jingine kwenye cheti cha kifo. Andaeni hati ya kiapo mapema, na mkifika huko ulizieni magawio ya miaka ya nyuma ambayo mzee hakuyachukua.