Kuyeyusha risasi za ndoano: nilichofunzwa na moto, na nilichofunzwa na mtoto

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile ya bunduki, na risasi ni madini yenyewe. Ndiyo maana nikimwambia jirani kwamba Jumamosi nitakuwa nyuma ya nyumba nikiyeyusha risasi, kwanza ananitazama mikono. Basi niseme mapema: ninachotengeneza ni chubwi, zile za kuzamisha ndoano na kulaza kamba ya chini ya wavu. Wanunuzi wangu ni wavuvi wa Dunga, hapa Kisumu, na vijana wanaovua mshipi wikendi.

Ufundi nilifunzwa kwa simu na binamu yangu aliye Texas. Yeye huwinda nguruwe mwitu kwa bastola ya milimita 10, ya aina inayojipakia yenyewe, na vichwa vya risasi zake huvimimina gerejini kwake. Kule ni halali. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kujitengenezea risasi za bunduki bila kibali ni kesi, kwa hivyo anayesoma hapa akitafuta njia hiyo afunge ukurasa. Lakini moto ni ule ule, kalibu ni ile ile, na sumu ni ile ile.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfuata binamu neno kwa neno. Yeye anataka risasi ngumu. Risasi tupu ni laini mno: ikisukumwa kwa kasi na baruti inapakaa ndani ya mtutu, ikijaza mifuo inayozungusha kichwa, na siku chache baadaye bastola hailengi tena. Isitoshe, bastola inayojipakia hukivuta kichwa kutoka kwenye magazini, kile kikasha cha risasi, na kukisukuma juu ya mteremko mdogo kuingia chemba, tundu la nyuma ya mtutu. Kichwa laini, au chenye umbo baya, hukwama hapo, na nguruwe hasubiri. Kwa hiyo, ili iwe ngumu, huchanganya risasi na madini mengine mawili: bati (tin, si lile la paa) na antimoni. Kuna mchanganyiko mmoja anaousifu sana: sehemu 90 za risasi, 5 za bati, 5 za antimoni.

Mimi nikaiga. Nikanunua vile vipande vya kubalansi magurudumu kwa mafundi wa tairi karibu na Kibuye, ambavyo vina antimoni ndani, nikamimina chubwi zinazong'aa kama shilingi mpya. Mvuvi wa kwanza akachukua moja yenye mpasuko, akaitia uzi, akaibana kwa koleo. Ikakatika. Ya pili ikakatika. Akaniuliza kwa upole kama hizi ni za samaki au za vita. Chubwi ya kubana inataka risasi laini, ile unayoweza kuichora kwa ukucha. Bomba kuukuu za maji na mabati ya risasi yaliyong'olewa kwenye paa za majengo ya zamani ndiyo mali yenyewe. Vipande vya magurudumu navitumia kwa chubwi kubwa zenye pete tu, ambazo hazibanwi.

Hata hivyo, vichague kimoja kimoja. Siku hizi vingi ni zinki au chuma. Vingine vimeandikwa Zn au Fe, na hapo huna kazi. Visivyoandikwa vibane kwa koleo: risasi inaingia meno, zinki inateleza. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, zinki karibu 420. Usipochochea moto kupita kiasi, zinki itaelea na utaiopoa kwa upawa. Ukichochea, itayeyuka ichanganyike, na sufuria nzima itakuwa kama uji wa mtama uliokaa. Niliwahi kumwaga kilo sita hivyo.

Betri za gari usiguse. Najua ndiyo risasi rahisi kupata, na najua kijana wa Kondele atakuletea gunia mlangoni. Ndani mna asidi, na zile bamba zake zikiyeyushwa ovyo zinaweza kutoa gesi ya aseniki isiyokupa nafasi ya kujuta. Kule Mombasa, watu wa Owino Uhuru waliishi miaka kadhaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na watoto wakapatikana na risasi kwenye damu. Kama kiwanda chenye bomba la moshi kilishindwa, jiko lako la makaa litaweza nini?

Sasa maji. Hapa niende polepole, kwa sababu nina kovu juu ya kifundo cha mkono wa kushoto.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua za masika. Sufuria ilikuwa imeshika vizuri, utando wa kijivu nimeshauondoa, uso wa risasi uko laini kama kioo. Nikaona bado kuna nafasi, nikachukua kipande cha bomba kilicholala nje usiku, nikakitumbukiza. Nilikifuta kwa shati, nikakiona kikavu. Ndani ya lile bomba lililopondwa kulikuwa na tone. Sikusikia mlipuko, nilisikia kitu kama mtu anayepiga chafya ndani ya debe, na sufuria ikawa nusu. Nusu nyingine ilikuwa ukutani, juu ya mabati, na kwenye mkono wangu. Maji yakifunikwa na risasi ya moto hugeuka mvuke mara moja, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara elfu moja ya maji yaliyouzaa, kwa hiyo unairusha risasi yote iliyo juu yake. Macho yalipona kwa sababu ya miwani ya fundi wa kuchomelea niliyoazima na kusahau kurudisha.

Tangu hapo kila kipande huwekwa kwenye sufuria ikiwa baridi, vipashwe moto pamoja. Cha kuongeza hukaa kwanza ukingoni mwa jiko mpaka kishindwe kushikika. Kalibu nayo naipasha, na upawa pia. Chai iko mbali. Wingu likikusanyika upande wa ziwa, nazima. Mtu akifika na habari ndefu, naye namwambia asubiri mbali, maana jasho nalo ni maji.

Moto utakuonyesha kosa lako siku hiyo hiyo. Vumbi halisemi. Nilikuwa napiga tupa kingo za chubwi nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, upande mzuri wa upepo, vumbi likianguka kwenye suruali. Mama watoto alilalamika kuhusu doa la kijivu kwenye kochi, nikaona ni mambo ya usafi tu. Kisha binti yangu, miaka mitatu wakati huo, akakutwa na chubwi mdomoni, akiinyonya kama peremende. Baadhi ya misombo ya risasi ina utamu, mjue hivyo.

Daktari alishauri apimwe damu. Sampuli ilipelekwa Nairobi, na majibu yakaja: mikrogramu 7 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linataka hatua ichukuliwe kuanzia 5, na linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa anacheza. Dawa hakuandikiwa, tuliambiwa tuondoe chanzo, na tumpe chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kwa sababu mwili wenye njaa ya madini hayo hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo akala omena, vichwa na mifupa, na mboga za kunde, na mimi nikahamisha kazi yote hadi kibanda cha ndugu yangu kisicho na watoto.

Nguo za kazi hubaki kule kwenye ndoo yake na hazichanganywi na za nyumbani. Viatu vilevile. Sipigi tupa kavu, naloweka kitambaa na kusugua. Sufuria ile imetobolewa masikio yote mawili ili mtu yeyote asije akaipikia ugali nikifa. Mikono naosha kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla ya kushika simu, si kabla ya kula tu, maana simu ndiyo inayoingia kitandani.

Alipimwa tena baada ya miezi minane, ikawa 4.

Pale Dunga kuna mzee ambaye hajawahi kuninunulia hata chubwi moja. Yeye huokota mawe ya ukubwa wa yai, akayafunga kwa vipande vya wavu mbovu kwenye kamba ya chini. Jiwe likikatika, anasema, limerudi kwao. Kila nikipita na mfuko wangu ananyanyua moja, ananionyesha, kisha anaendelea kufunga.