Deni la mchana lidai mchana

Mwaka wa sita wa ndoa yetu nilimlaza mtoto wetu wa kwanza katikati ya kitanda wiki tatu mfululizo. Mtoto alikuwa mzima wa afya, tena amekwisha zoea kulala peke yake. Nilimweka pale awe ukuta. Mume wangu, fundi wa mashua huko Watamu, alikuwa amempelekea ndugu yake pesa za karo bila kuniambia, nami nikaona dawa yake ni kumpa mgongo. Hakusema neno. Akawa akitoka kazini anaketi barazani kwa watu hadi saa nne usiku, akirudi anajilaza ukingoni.

Alhamisi moja, tukitoka jumuiya, yaani sala ya pamoja ya majirani Wakatoliki, mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akaniuliza mbona siku hizi baba watoto haonekani nyumbani jioni. Nikamweleza yote. Akaniambia, "Mwanangu, pesa ni deni la mchana. Lidai mchana." Kisha tukafungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7. Mtume Paulo anasema mke hana amri juu ya mwili wake bali mumewe. Na papo hapo anasema mume naye hana amri juu ya wake bali mkewe. Halafu anawaambia wote wawili wasinyimane, ila kwa kupatana, tena kwa muda, wapate kusali. Ile sehemu ya mke nilikwisha kuisikia kwenye harusi nyingi. Hii ya mume, na hii ya kupatana, sikumbuki kusomewa.

Nawaandikia dada na kaka zangu walio kwenye ndoa, hasa Wakatoliki wa hapa Malindi, kwa sababu wengi wetu tuliingia ndoani tukijua makatazo tu. Wiki ya harusi yangu jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekuwa somo, yaani mfunzi wa mambo ya unyumba, wa wasichana wengi mtaani, aliniletea udi, chetezo na vikuba vya asumini, akanionyesha namna ya kufukiza shuka. Nilimshukuru, na alipotoka nikaficha kila kitu sandukuni. Niliamini mambo ya raha ni ya watu wengine, na kwamba mke Mkatoliki huvumilia tu ili apate watoto. Miaka mingi baadaye nilisoma Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2362, nikakuta Kanisa lenyewe likifundisha kwamba tendo la ndoa ni jema na la heshima, na kwamba furaha na raha yake imetoka kwa Muumba. Siku hiyo nilifungua sanduku. Asumini ilikuwa imekauka zamani, ila udi ulikuwa bado unanukia.

Papa Paulo VI alitoa waraka wake Humanae Vitae tarehe 25 Julai 1968. Watu wanaujua kwa habari ya vidonge vya kuzuia mimba, kwamba Kanisa linakataa kutenganisha mambo mawili yaliyomo katika tendo la ndoa: kuwaunganisha wawili, na kuwa wazi kwa uhai. Ni kweli, ndivyo unavyofundisha. Lakini endelea hadi namba 13. Hapo Papa anasema kwamba tendo ambalo mmoja anamlazimishia mwenzake, bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki, si tendo la upendo. Nilipopasoma nililia, maana nilikumbuka majuma ya baada ya kujifungua mtoto wa pili, nyuzi hazijapona, nami nikakubali kwa hofu. Nilimsomea mume wangu. Alinyamaza muda mrefu, akaniomba msamaha.

Kwa hiyo mume anayeshika Wakorintho kumlazimisha mkewe amesoma nusu ya ukurasa. Na dada, ukiwa unapigwa au unalazimishwa kwa nguvu, ondoka kwanza hapo palipo na hatari, mwambie mtu unayemwamini, na kituo cha polisi kiko wazi. Sakramenti ya ndoa haikutaki ukae kwenye kipigo.

Baada ya mtoto wa tatu tulijifunza njia ya asili ya kupanga uzazi, ile iliyoanzishwa na daktari John Billings wa Melbourne, ambaye mkewe Evelyn, daktari pia, alijiunga naye katika kazi hiyo. Tulifunzwa na mama aliyesomea kufundisha. Msiokote tu maneno ya jirani, mtakosea. Mke huangalia ute wake wa ukeni kila siku. Ukiwa unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, siku za kushika mimba zimefika. Yai la mke haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za mume zaweza kukaa ndani hadi siku tano. Ndiyo maana siku za kabla ya yai zina uzito mkubwa. Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Upepo wa kusi ukianza, mashua hupandishwa pwani na kazi ya mume wangu huwa nyingi. Alirudi amechoka, anataka kuliwazwa, nami namwambia bado siku nne. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akitia alama kwenye kalenda ya ukutani, na kila jioni akiniuliza, "Leo mwili wako vipi?" Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa. Hajawahi kuniuliza hivyo kabla.

Rafiki zangu kadhaa wanatumia sindano ya miezi mitatu na wanaona najitesa. Siwagombezi. Nawaeleza habari ya lile swali la jioni.

Pesa bado tunazigombania, maana ndugu zake ni wengi na wangu pia. Siku hizi tukikwazana tunangoja Jumamosi alasiri, tunawaachia watoto shangazi yao, tunatembea hadi karibu na mnara wa Vasco da Gama. Tunaketi tukitazama bahari, kila mmoja anasema yake mpaka yaishe. Wakati mwingine magharibi inatukuta hapo hapo. Kisha tunanunua mihogo ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, tunaila njiani tukirudi nyumbani.