Ana usonji, viungo vinamuuma, naambiwa anadeka

SWALI: Dada, shikamoo. Binti yangu ana miaka 16 na ana usonji (autism). Tunaishi Kibirizi, Kigoma. Boti zikiwashwa anaziba masikio na kulia. Lebo ya shati la shule nimeitoa kwa wembe, anasema inamchoma. Tangu mwaka jana analalamikia magoti, vifundo vya mikono na kichwa. Zahanati moja waliniambia anadeka, watoto wa namna hii hawasikii maumivu. Je, usonji na maumivu haya vinahusiana? – Mama K.

JIBU: Marahaba, Mama K. Hilo neno "anadeka" limeniudhi sana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv uliotoka mwaka 2023, uliowapima watu wazima wenye usonji, ulikuta waliyasikia maumivu kwa ukali kuliko wenzao. Kinachopoteza watu ni uso: mtoto anaweza kuumwa sana na uso umetulia tuli.

Uhusiano upo, ingawa siwezi kukuambia kwamba hili limezaa lile. Ubongo hupokea sauti, mguso na maumivu, kisha huvipunguza makali. Kwa wengi wenye usonji upunguzaji huo ni hafifu, ndiyo maana lebo inachoma. Kwenye maumivu sugu mara nyingi hutokea vivyo hivyo: mishipa ya fahamu inakuwa myepesi mno kushtuka.

Jioni hii mwambie akunje kiganja, kisha kwa mkono wa pili akisukume kidole gumba kuelekea upande wa ndani wa mkono. Kikifika mpaka kugusa mkono, sehemu iliyo kati ya kiganja na kiwiko, na magoti yakirudi nyuma anaposimama wima, huenda viungo vyake vimelegea. Ulegevu huo huonekana zaidi kwa wenye usonji, na misuli inayovishikilia viungo vya namna hiyo huchoka na kuuma.

Lakini kwanza kabisa apimwe selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu inao wagonjwa wengi, na kuumwa viungo ni dalili yake kubwa. Usikubali mtu aandike "usonji" halafu afunge faili! Kiungo kikivimba au homa ikipanda, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Mchoree umbo la mtu kwenye daftari, kila jioni apake rangi panapouma. Wengi huonyesha vizuri kuliko wanavyosema. Nenda nalo hospitali ya mkoa, umuulizie mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo). Na mtafutie viziba masikio vya usiku, maana akikatishwa usingizi na injini za boti, kesho yake maumivu huzidi.