Nesi asiporidhika na kazi, kinachokufa kwanza ni nini? (Jibu la mkunga)

Mkuu, umeuliza kama manesi wanazembea kwa kutoridhika na kazi, na kama mshahara ukipanda mambo yatanyooka. Mimi ni muuguzi mkunga, nimefanya kazi wodi za wazazi kwenye hospitali za serikali hapa Tanzania.

Uhusiano upo, ila wengi wanautafuta pasipo. Nesi aliyekata tamaa bado atachoma sindano kwa wakati, na mama akitoka damu atakimbia. Kinachokufa kwanza ni kazi isiyo na shahidi. Chukua patografu, fomu ya kufuatilia uchungu wa kujifungua: mama akiwa kwenye uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kusikilizwa na kuandikwa kila nusu saa. Saa tisa usiku, wodi imejaa na mko wawili, mwenye moyo na kazi atainuka. Aliyechoka rohoni atajaza fomu nzima alfajiri kwa mkupuo, na itapendeza kuliko ya mwenzake. Ndiyo maana tathmini za kwenye mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, iwe OPRAS ya zamani au PEPMIS ya sasa, hazinitoshi.

Pesa inauma, malimbikizo na kucheleweshewa daraja hasa. Lakini nimeona watu walewale, kwa mshahara uleule, wakibadilika baada ya kuletewa inchaji (nesi msimamizi wa wodi) mwingine. Wa kwanza alikuwa anatukaripia mbele ya wagonjwa. Aliyemfuata alibandika ratiba ya zamu mapema, tukizidiwa alivaa glovu na kuzalisha, vifaa vikipungua alihangaika stoo mwenyewe. Ripoti za asubuhi zikaanza kuwa za kweli: "Mama wa kitanda cha nne sijampima tangu saa kumi, tulikuwa na mwingine anatoka damu." Zamani nani angethubutu? Angeandika namba tu.

Halafu utendaji nao unazaa kuridhika, na ukikwama unakuvunja moyo. Unajua kabisa mama huyu anahitaji damu, na benki ya damu hakuna kundi lake. Yakijirudia hayo, mtu anaufanya moyo mgumu ili apate usingizi. Ukali mnaoulalamikia mara nyingi unaanzia hapo, ingawa kumtukana mama mwenye uchungu ni jambo ambalo sitalitetea kamwe.

Kwa hiyo mkuu, kama una sauti kwenye uongozi wa hospitali, anza na mainchaji. Wengi niliowaona walikabidhiwa wodi kwa ukongwe tu, bila kufundishwa hata siku moja namna ya kuongoza watu.