Kwa mama wa mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma: kabla ya kumrudisha darasa, tafuta anapokwamia

Mleta mada, pole sana dada yangu. Nimesoma maelezo yako yote. Kijana ana miaka 9, yuko darasa la tatu shule ya serikali, hamalizi sentensi moja bila kukwama. Mwalimu anashauri arudie la pili, baba yake anasema ni uvivu na dawa yake ni fimbo, mama mkwe anataka apelekwe kwa mganga kwa kuwa "kafungwa akili". Unauliza uanzie wapi. Nakujibu kama mzazi niliyepita njia hiyo. Binti yangu wa pili alifika darasa la tatu hasomi, na sasa yuko kidato cha pili. Bado anasoma taratibu kuliko wenzake, lakini anasoma, anaelewa anachosoma, na shule anaipenda.

Neno uvivu liweke kando kwanza. Umesema mwenyewe kwamba akisimuliwa hadithi anairudia bila kuacha kitu, na ukimtuma dukani analeta chenji kamili. Huyo akili anayo tele. Kuna ugumu wa kusoma ambao wataalamu wanauita disleksia: mtoto ana akili zake timamu, ila kuunganisha herufi na sauti yake kwa haraka ndiko kunakomshinda. Mara nyingi hali hii inatembea kwenye ukoo. Sisi tulipoanza kuulizana nyumbani, mjomba wake binti akasema yeye aliacha shule kwa jambo hilohilo, na leo ni fundi magari anayetafutwa na watu mpaka wa wilaya jirani. Ulizia na kwenu, kwa upole, maana wakubwa wengi wanalionea aibu.

Lakini usikimbilie jina kabla hujaondoa sababu nyingine. Mpeleke akapimwe macho na masikio, yote mawili. Mtoto aliyewahi kutokwa na usaha masikioni anaweza kuwa anasikia nusunusu, na asiyesikia vizuri tofauti ya p na b hawezi kuzisoma vizuri. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wao watakupa rufaa kwenda kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando ikibidi. Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kipo kifafa kisichomwangusha mtoto. Anakodoa macho sekunde chache, ukimwita haitiki, halafu anaendelea na alichokuwa anafanya kana kwamba hakuna kilichotokea. Darasani anaonekana kazubaa tu. Kina dawa, kwa hiyo ukimwona hivyo, hospitali usichelewe.

Binti yangu alikutwa mzima macho na masikio. Hapo ndipo kazi yenyewe ikaanza, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: tafuta ni wapi hasa kusoma kunapokatika, uanzie hapo.

Watoto wasiojua kusoma wengi wanajificha kwenye kukariri. Darasani kwa binti yangu walikuwa zaidi ya 90, wanasoma kwa pamoja wakimfuatisha mwalimu, sikio lake likashika ukurasa mzima. Nyumbani alinisomea habari ya bibi na kuku wake bila kugota, anapitisha kidole chini ya mistari kabisa. Nilipofunika ukurasa kwa karatasi nikabakiza neno moja tu la katikati, "kikapu", aliniangalia usoni. Hakulijua.

Basi fanya hivi. Kata vipande vya katoni, kila kimoja uandike silabi moja. Anza na a, e, i, o, u; halafu silabi za herufi mbili, ba, ke, mi; halafu cha, nya, mwa; mwisho zile ngumu za ndo, mba, ng'o, mbwa, nywe. Zichanganye, umwoneshe moja moja. Usimsahihishe wala usikunje uso, weka alama tu kwenye daftari lako: hii kaiweza, hii kakwama. Binti yangu zile nyepesi alizijua isipokuwa b na d zilizokuwa zinabadilishana. Alikwama kwenye nd, mb, ng' na nya. Kumbe miaka yote tulikuwa tunamkazania asome aya nzima, wakati shimo liko kwenye silabi zisizofika ishirini.

Kiswahili kinatusaidia kwa kuwa kinasomwa kilivyoandikwa; mtoto akizishika silabi zote anaweza kulisoma neno lolote. Shida inakuja kwenye urefu wa maneno. "Walimkimbilia" lina silabi saba. Mtoto anayeunganisha polepole akifika "lia", ile "wali" imeshamtoka kichwani. Ndiyo maana atasoma "kaka" na "meza" vizuri, ukimpa aya anakwama.

Kilichotusaidia hapo ni kidirisha. Nilichukua boksi la majani ya chai, nikakata tundu jembamba linaloonesha silabi mbili au tatu tu, binti akawa analisogeza juu ya mstari. Anasoma "wali", anatulia. Anasogeza: "mki". Anarudi mwanzo: "walimki". Anasogeza tena: "mbilia". Kisha anaondoa boksi na kulisema neno zima. Mwanzoni sentensi moja ilikula muda mrefu hadi ukatamani umsomee. Usimsomee. Baadaye boksi akaliacha mwenyewe, akawa anagawa maneno marefu kwa vistari vya penseli.

Fanyeni dakika 15 kila siku, zisizidi. Iwe kabla hajachoka, siyo saa tatu usiku baada ya kuchota maji na kuosha vyombo. Silabi mpya mbili au tatu, maneno yanayotokana nazo, sentensi fupi, mnamaliza na kitu anachokiweza tayari ili ainuke ameshinda. Kwa b na d, mwagia unga kidogo kwenye sinia, aandike kwa kidole huku akiitamka sauti kwa nguvu. Mkono unakumbuka pale jicho linapochanganya. Siku nyingine someni pamoja kwa sauti, wewe na yeye kwa mwendo wake. Akikwama mpe neno, mwendelee.

Kazi za shule nazo, kama ni swali la Sayansi, msomee swali. Pale anapimwa Sayansi, hapimwi kusoma. Ajibu kwa mdomo kwanza, kisha aandike.

Kuhusu kurudia darasa, kwa maoni yangu hakutamsaidia akirudi kufundishwa vilevile na umati uleule. Kama kuna mwalimu atakayekaa naye na silabi zake, sawa, fikiria. Bila hivyo utamwongezea aibu ya kukaa na wadogo zake. Tuisheni ya jioni ya watoto 40 wanaonakili ubaoni ni somo lilelile mara ya pili, na unalipia. Na wanaokushauri umhamishie shule ya mchepuo wa Kiingereza, waambie bado. Kiingereza herufi moja inasomwa hivi hapa na vile pale, na lugha yenyewe ni mpya kwake. Asimame kwenye Kiswahili kwanza.

Shuleni nenda na daftari lako la alama. Mwalimu mwenye watoto 90 ukimwendea na lawama atajitetea, ukimwendea na orodha ya silabi atakusikiliza. Mimi niliomba mambo matatu: binti akae mbele, asiinuliwe kusoma mbele ya wenzake bila kuambiwa jana yake ni kipande gani, na majaribio mengine ajibu kwa mdomo. Mawili ya kwanza nilikubaliwa palepale, la tatu lilichukua muda. Kunakili ubaoni tulimalizana kwa rafiki yake kumwazima daftari.

Shule ikishindwa, panda kwa Afisa Elimu Kata, umwombe akuunganishe na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Walimu waliosomea elimu maalumu wapo, wengine wamepita Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha. Uliza kama kuna mmoja shule za jirani. Mwambie pia mwalimu mkuu mapema kuhusu mitihani ya kitaifa. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ikiwamo kuongezewa muda, lakini ni lazima shule imtambue mtoto kabla, siyo wiki ya mtihani.

Na fimbo. Kanuni za viboko shuleni zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye kibali cha maandishi, na iandikwe. Kushindwa kusoma "nyumba" si kosa la nidhamu. Mtoto anayechapwa kwa kusoma atajifunza kuogopa kitabu, na hofu hiyo kuitoa ni kazi ngumu kuliko kumfundisha silabi zote nilizozitaja. Baba yake usibishane naye. Mwombe akae nanyi jioni moja, umfunikie ukurasa mbele yake, aone mwanaye anavyohangaika na neno moja. Baba wa binti yangu alibadilika kwa kuona, siyo kwa maneno yangu.

Mama mkwe naye usimtenge, ana kazi kubwa ya kufanya hapa. Amsimulie kijana hadithi zake. Kijana azirudie kwako, wewe uandike maneno yake kama anavyoyasema, kwa herufi kubwa zilizoachana, sentensi tano au sita tu. Huo ndio uwe ukurasa wake wa kusoma wiki hiyo. Maana yake anaijua tayari, maneno ni yake, kilichobaki ni kuzikamata herufi. Binti yangu sentensi yake ya kwanza kuisoma bila mimi kumdokeza ilitoka kwenye hadithi ya fisi aliyosimuliwa na bibi yake.

Anza na vipimo vya macho na masikio wiki hii, na zile silabi za katoni. Ukimaliza kuzipitisha, ziandike hapa zile zilizomkwamisha, nikusaidie kupanga za kuanza nazo.